Nani Alimwazima Nani Bustani

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo mpaka leo likitajwa mbele yangu naangalia chini. Si tusi. Ni neno la kila siku, la watu wanaoombana jembe, chungu na ungo: kuazima. Mwenye jembe anasema, "Nimemwazima jirani." Asiye na jembe naye anasema, "Nimeazima kwa jirani." Aliyetoa ameazima, aliyepokea ameazima. Watu wameishi na neno hilo miaka yote bila kushikana mashati, kwa sababu jembe lenyewe linajulikana ni la nani. Bustani nayo haina mpini wa kuchongwa alama.

Tulifika kwenye kijiji kipya wakati ule wa kuhamia vijijini, kaskazini ya Mtinko, kule Wanyaturu wanakoanza kupakana na Wanyiramba. Lori lilitushusha na mlango wetu, kinu chetu, kuku waliobaki hai, na mimi nikiwa na mimba ya mtoto wangu wa kwanza. Nyuma tuliacha zizi lenye samadi ya tangu enzi za baba mkwe na bustani niliyokuwa nimeanza kuizoea. Kwenye mkutano wa kutupokea kiongozi mmoja alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," watu wakapiga makofi. Hakuna aliyemuuliza mwenyeji alikuwa anaumwa nini.

Mwenyeji wetu sisi alikuwa mama mmoja wa Kinyiramba, mjane, umri wa mama yangu mzazi. Tembe lake lilikuwepo pale kabla kijiji hakijawa kijiji. Bahati yake liliangukia kwenye mstari wa nyumba, kwa hiyo hawakulibomoa. Nyumba yetu ilipimwa ubavuni mwake. Alikuwa mrefu, mkavu, mchache wa maneno, na akicheka anachekea puani. Mimi nilikuwa na Kinyaturu changu, yeye na Kinyiramba chake, basi tukawa tunakutana katikati kwenye Kiswahili, kila mmoja akichechemea kwa mguu wake. Wao Wakristo, sisi Waislamu. Hilo halikutusumbua hata siku moja.

Chini ya nyumba zetu kulikuwa na bonde, na bondeni ndiko ilikokuwa bustani yake. Udongo mweusi, uliolishwa samadi na mikono yake mpaka ukawa laini kama unga. Ilikuwa ndefu na nyembamba, imeshuka kutoka njiani hadi kwenye kisima alichochimba yeye na marehemu mumewe. Upande wa juu vitunguu, upande wa chini mchicha, kunde na maboga. Viongozi walikuwa wamegawa viwanja vya nyumba tu na shamba la kijiji. Mambo ya bondeni walisema yangefuata baadaye.

Wiki ya kwanza aliniona nikichuma mlenda pembeni mwa njia, majani yenyewe yamekomaa, yanakwaruza mkono. Akanitazama tumbo, kisha akanitazama mkononi.

"Mwanangu, hiyo utapika mpaka lini?"

"Ndiyo iliyopo, mama."

Akanishika kiwiko, tukashuka mpaka bondeni. Alinionyesha nusu ya chini yote, ile inayopakana na kisima, akachora mstari kwa kisigino toka ukingo huu mpaka ule.

"Huku chini lima wewe. Nimekuazima. Niachie tu kanjia hapa katikati, nikateke maji ya vitunguu vyangu."

Nilipiga magoti nikamshukuru. Kile kinjia nilikitunza kuliko nilivyotunza kizingiti changu. Tuliishi hivyo zaidi ya mwaka. Asubuhi alipita na mtungi wake katikati ya matuta yangu, akinirekebisha bila kusimama: hapa umebana, pale maji yamezidi, mwanangu, huu mchicha au unafuga nyasi? Nilikasirika kidogo, maana mimi ni mtu wa kukasirika, halafu nikafanya alivyosema. Nilipojifungua ndiye aliyemwagilia kote, juu na chini, mpaka nikatoka ndani.

Mwaka wa pili mvua ilitudanganya. Mtama ulitoka, ukasimama, ukakauka umesimama. Ndipo kamati ya kijiji ikakumbuka bonde. Walikuja siku moja mchana kugawa bustani, mwenyekiti mbele, katibu nyuma yake, na vijana waliobeba vigingi. Kanuni yao ilikuwa rahisi na wala haikuwa mbaya. Anayelima kwa haki yake abaki hapo hapo. Aliyeazima arudishe, naye atapewa sehemu kule juu, kwenye kichanga karibu na mawe. Kila mtu alikijua kichanga kile. Hata mbuzi walikuwa wanakipita bila kuinamisha kichwa.

Walipofika kwetu tulikuwa bondeni sisi watatu: jirani yangu, mimi na mtoto mgongoni, na mume wangu. Katibu alikuwa kijana mtu wa pwani, mstaarabu, ila Kiswahili chake kilikuwa kinateleza kama sabuni. Ukishika neno moja mengine matatu yameshapita.

"Haya mama," akamuuliza jirani yangu, "sehemu hii yote ya chini, mpaka kisimani, wewe una habari gani nayo?"

"Huku chini niliazima," akasema jirani yangu.

Katibu akanigeukia mimi. "Ni kweli aliazima?"

"Ndiyo," nikasema. "Aliazima."

Naapa sikuwa na hila. Nilisema kile alichosema yeye, na sote wawili tulikuwa tunasema kitu kimoja. Lakini katibu akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyemaliza kazi, akamwambia mwenyekiti, "Basi iko wazi. Chini ni ya huyu mama mdogo. Mama mkubwa alikuwa ameazima kwake, abaki na nusu ya juu." Vijana wakagonga kigingi palepale kwenye mstari wa kile kisigino.

Hapo nilielewa. Na hapo ndipo hatia yangu ilipoanza, si pale kwenye neno. Nilifungua mdomo. Nikaona kile kichanga cha juu kama nimeshapewa. Nikahisi mtoto anavyonipiga mgongoni kwa miguu iliyozidi kukonda. Mume wangu akawahi, "Tunashukuru, viongozi," nami nikafunga mdomo. Jirani yangu alikuwa ameshageuka, anamkaribisha mwenyekiti maji. Hakuwa amefuata hata nusu ya yale. Aliona vigingi vimegongwa pale alipochora yeye mwenyewe, akadhani wameandika alivyotaka.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba wamekosea.

"Uliulizwa, ukajibu. Ulidanganya?"

"Sikudanganya."

"Basi. Na sisi kwetu tuliacha zizi. Nani aliturudishia?"

Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walisema, lakini mimi ilinisitiri vizuri tu, na ikanikaa.

Siku chache baadaye mume wangu akapanda minyaa kwenye vile vigingi, toka ukingo mpaka ukingo, na mbele yake akapanga matawi ya miiba mpaka minyaa ishike. Hakuacha nafasi. Alisema ndama wa watu wanaingia. Jirani yangu alikuja na mtungi wake asubuhi, akakuta miiba. Mimi nilikuwa upande wa chini, nimeinama. Akashusha mtungi.

"Mwanangu, hii nini?"

"Ni baba yake mtoto, mama. Anasema ndama."

"Na kanjia?"

Nikamwambia atamwachia. Nikamwambia aongee naye. Nikamwambia ni kamati. Nilimwambia kila kitu isipokuwa kile kimoja. Aliniangalia, akaangalia kigingi, akaangalia tena miiba, na nikaona inavyomwingia, polepole, kama mtu anayesomewa barua ya msiba. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Mimi ningejua la kujibu, maana kugombana nakuweza. Alijitwika mtungi wake ukiwa mtupu, akaondoka.

Toka siku hiyo maji aliyafuata kwa kuzunguka. Alipanda hadi njiani, akapita nyuma ya yale mawe makubwa, akashukia upande wa pili wa bonde mpaka kwenye kisima chake mwenyewe, kisha akarudi vilevile na mtungi umejaa. Wakati mimi namaliza matuta matatu yeye alikuwa ndiyo kwanza anatokeza kwenye mawe. Alikuwa akinipita pale kisimani nampa shikamoo, anaitikia marahaba. Hilo hakuninyima. Ila hakuniita tena mwanangu, na hakunirekebisha tena tuta lolote. Mchicha wangu ukajaa nyasi kweli, hakuna aliyeniambia.

Vitunguu vyake havikungoja. Vitunguu vinataka maji kwa wakati wake, na mwanamke mmoja kwa njia ile hawezi kubeba ya kutosha nusu ekari ya kiu. Vilianza kulala kutoka juu, mstari baada ya mstari, majani yakawa ya njano halafu meupe. Vya kwangu, nilivyopanda kule chini karibu na kisima, vilikuwa vimesimama kijani. Watu wakipita njiani walinisifu. "Mama, mkono wako una baraka!" Nilitamani kuwarushia bonge la udongo.

Ukafika mwezi wa Ramadhani. Nilifunga yote, wala sikula hata siku moja, nikijua kabisa kwamba nashinda njaa tu. Mtu hawezi kumwomba Mungu msamaha huku ameketi juu ya kitu cha mwenzake. Jioni nikifuturu uji na boga la kule bondeni, boga nilikuwa namwachia mtoto. Moyo ulinisuta mpaka nikaanza kumchukia yeye, jirani yangu. Nilijiambia, kwa nini hasemi? Kwa nini hakusema sawasawa siku ile? Kwani Kiswahili kimeisha? Ukimkosea mtu sana unaishia kumtafutia makosa, nami nilimtafutia. Sikupata hata moja la maana.

Siku niliyoona amekaa chini katikati ya bustani yake, anang'oa vitunguu vidogo kama maharage ili visifie ardhini, nilichoka. Sikumwambia mume wangu. Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda kwenye ghala la kijiji, ambako kamati ilikuwa inakaa juu ya magunia matupu, wanajadili chakula cha msaada.

Nikasema nina neno. Mwenyekiti akasema sema. Nikasema siku ya vigingi palikuwa na makosa, kwamba aliyeazima si yule mama, ni mimi.

"Ulisema mwenyewe aliazima," katibu akasema.

"Aliniazima mimi. Alinipa. Bustani yote ni yake, na kisima ni chake."

Wakatazamana. Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na njaa ya kijiji kizima mabegani. Akaniambia bila ukali, "Mama, unajua unachosema? Aliyeazima anarudisha. Wewe utahamia kichangani. Msimu huu."

"Najua."

Nilijua. Nilikuwa nimekwisha kuhesabu moyoni kile tutakachokula na kile ambacho hatutakula. Mtoto wangu nywele zilikuwa zimeanza wekundu, na wanawake wote pale kijijini walikuwa wanajua maana yake. Niliogopa sana. Lakini niliona heri niogope hilo kuliko kuendelea kumsalimia yule mama kila asubuhi.

Wakatuma mtu akamwite. Alikuja na udongo mikononi, harufu ya vitunguu vibichi ikaingia naye ghalani. Mwenyekiti akamweleza, safari hii taratibu, neno kwa neno, kwamba mimi nimesema bustani ya chini ni yake na mimi ndiye niliyeazima, na kwamba nikirudisha nitapelekwa kule juu kwenye mawe. Akamuuliza, "Sasa mama, tuambie wewe. Nani alimwazima nani?"

Alizunguka nyuma yangu. Nilidhani anatoka. Nikahisi anafunua ile kanga kidogo, anamtazama mtoto, anamshika mguu. Vidole vyake vilikuwa vikavu na vya baridi, vilinigusa na mimi mgongoni. Akamfunika tena. Akarudi mbele ya wazee.

"Niliazima mimi," akasema. Kisha, kwa kuwa sasa alikuwa amelijua lile neno na ubaya wake wote, akaongeza, "Niliazima kwake. Huyu ndiye mwenye bustani. Mimi naomba njia ya maji tu."

"Mama, usiseme hivyo!" nikapiga kelele. "Si kweli!"

Wazee wakacheka, hata yule mtu wa pwani. Mwenyekiti akasema tangu azaliwe hajaona kesi ya watu wanaogombea kunyimwa. Akanikemea kidogo kwa kuwapotezea wakati, akaamuru minyaa ikatwe pafunguliwe njia, mama mkubwa apite bila bughudha, na shauri likaishia hapo. Wakarudi kwenye chakula cha msaada.

Nilimkimbilia nje. Alikuwa anatembea haraka kwa umri wake. Nilimfikia karibu na shule nikaanza kusema sijui nini, asante mama, nisamehe mama, Mungu atakulipa, maneno yote yakitoka kwa pamoja huku nalia. Alisimama akangoja nimalize.

"Usinishukuru," akasema. "Wewe sikukupa kitu. Nimempa huyo wa mgongoni."

Akaenda zake.

Mume wangu alipopata habari alishuka bondeni siku hiyohiyo. Alichukua panga akafungua njia, pana kuliko ilivyokuwa zamani, akaisawazisha kwa jembe na kutoa mawe. Nadhani na yeye ilikuwa imemfika, ingawa hakuwahi kusema, na mimi sikuwahi kumuuliza. Tuliendelea kula kutoka bustani ile. Mtoto alinyanyuka, miguu ikarudi. Sitasema uongo kwamba chakula kilikuwa kichungu. Kilikuwa kitamu, na hilo ndilo linaloniuma.

Asubuhi ya kwanza baada ya njia kufunguliwa niliwahi bondeni kabla jua halijatoka. Nilikuwa nimepanga kumwona anapita. Nilitaka anipite kama zamani, aniambie nimebana mbegu, aniulize kama nafuga nyasi. Nilimsikia kabla sijamwona, kata ikigonga ndani ya mtungi. Akafika penye uwazi wa minyaa. Akasimama.

"Hodi," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikanyanyuka na udongo magotini. "Shikamoo mama. Pita mama, pita tu."

"Marahaba. Hodi."

"Mama, jamani, hapa ni kwako."

Hakuinua mguu. Alikuwa ananitazama bila hasira, mtungi kichwani, kama mtu aliyesimama mlangoni kwa wageni asiowajua sana. Akangoja. Jua likaanza kugusa mawe kule juu, na nikaona kwamba angengoja mpaka mchana kama ningemwacha. Alikuwa amesema mbele ya wazee bustani si yake, na lake likishasemwa limesemwa.

"Hodi," akasema mara ya tatu, polepole.

"Karibu, mama," nikasema.

Akapita. Kanga yake alikuwa ameiinua kwa mkono mmoja, isije ikagusa vitunguu vyangu.